Mazoezi ya Kila Siku na Taji Lisilonyauka

Somo: 1 Wakorintho 9:24–27



Huenda wako kati yenu watakaostaajabu kuona habari za ngoma na mpira katika gazeti hili, mahali walipozoea kusoma habari za ubatizo, za mavuno na za mikutano ya sharika. Lakini Mtume Paulo hakuona haya kuwapeleka wasomaji wake uwanjani. Katika somo letu awataka Wakorintho wawatazame washindanao mbio na wapigao ngumi, wajifunze kwao namna ya kuishika imani. Basi nasi na tumfuate Mtume, tuvitazame viwanja vya kwetu.

1. Uwanja alioujua Mtume

Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume 18:11. Karibu na mji huo, mahali palipoitwa Isthmia, Wayunani walikusanyika kila baada ya miaka miwili kwa michezo yao mikuu. Huko watu walishindana mbio, mieleka, ngumi na magari ya farasi. Mshindi alivikwa kichwani taji la majani, na majani hayo yalinyauka upesi. Tena katika michezo yao mingine, ile ya Olimpia, kila mshindani aliapishwa kwamba amefanya mazoezi muda wa miezi kumi kabla ya siku ya mashindano.

Angalieni jambo hili, ndugu. Walioketi kutazama waliona mbio za dakika chache tu. Mtume aliiona miezi iliyotangulia: chakula kilichokataliwa, usingizi uliokatizwa, mwili uliotiishwa asubuhi na jioni pasipo mtu wa kupiga makofi. Hayo ndiyo aliyoyaleta kanisani. Hakuwaambia Wakorintho kwamba Mkristo ni mtu wa kupiga vigelegele siku ya ushindi, bali kwamba ni mtu ajizuiaye katika siku zisizo na watazamaji. Na hoja yake ni wazi: ikiwa wale walijinyima hivyo kwa ajili ya majani, je, sisi tuliowekewa uzima wa milele yatupasaje?

2. Mashindano ya baba zetu

Wayunani walishindana zaidi mtu mmoja mmoja. Baba zetu wa Usukuma waliyajua mashindano ya makundi. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, nao huwataja waanzilishi wao kuwa Ngika na Gumha. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, pande mbili hukutana mahali pamoja na kucheza kwa wakati ule ule. Hapana mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji wenyewe ndio waamuzi: upande upendezao huwavuta watu, na upande wa pili huachwa ukicheza mbele ya uwanja mtupu.

Mashindano ya namna hii hayana huruma kwa mvivu. Kundi lijalo na nyimbo za mwaka jana, na hatua za mwaka jana, huachwa kabla jua halijageuka. Kwa hiyo manju sharti atunge upya, na wachezaji wake sharti wajifunze upya, hata wale waliosifiwa kuliko wote. Sifa za jana hazimvuti mtazamaji wa leo.

Tena ngoma ile ya majembe, iitwayo bugobogobo, ilitoka shambani. Vijana walilima pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na ngoma ikawaongoza hata majembe yakapanda na kushuka kama jembe moja. Mmoja akichelewa, mstari wote uliharibika. Mmoja akijionyesha kwa kwenda mbio peke yake, uliharibika vile vile. Ndipo kazi ile ikawa mchezo, na mchezo ukaihifadhi kazi. Basi msomaji wa waraka wa kwanza kwa Wakorintho atakumbuka sura ya 12, ambapo Mtume afananisha kanisa na mwili wenye viungo vingi, wala kiungo hakiwezi kukiambia kingine kwamba hakina haja nacho. Babu zetu walioshika majembe kwa mlio wa ngoma wangalilielewa neno hilo mara moja.

3. Kupanda ni kazi, kukaa juu ni kazi nyingine

Sasa tuje kwa vijana wetu, ambao ngoma yao kubwa leo ni mpira wa miguu. Mikoa yetu imepewa mafundisho makubwa kwa mchezo huu katika miaka ya karibuni. Timu ya Stand United, iliyotwaa jina lake katika stendi ya mabasi ya mjini Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikashuka mwaka 2019. Timu ya Mwadui, palipo na mgodi wa almasi, ilipanda mwaka 2015, ikashuka mwaka 2021. Mwaka huo huo wa 2021 ikapanda timu ya Geita Gold. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa fahari: ilimaliza katika nafasi ya nne, ikajipatia njia ya kushindana katika Kombe la Shirikisho la Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi nzima kwa mabao 17. Walakini mwaka 2024, baada ya misimu mitatu, Geita Gold nayo ikashuka.

Hatuyasemi haya kwa kuwacheka. Watu wa mikoa hii walifurahi pamoja na timu hizo, wakahuzunika pamoja nazo. Tena kufika huko si jambo dogo. Ziko timu nyingi nchini ambazo hazijafika kamwe. Twayasema kwa kuwa yana fundisho. Katika misimu ile mitatu ya Geita Gold, ligi ilikuwa na timu 16, na kila timu ilicheza michezo 30. Katika mchezo mmoja, timu dhaifu yaweza kumshinda mkubwa kwa ushujaa wa siku moja. Katika michezo 30, ushujaa wa siku moja hautoshi. Huko huonekana ni nani aliyefanya mazoezi wakati wa mvua na wakati wa jua, ni nani aliyewafundisha vijana wa kushika nafasi za wakubwa, ni nani aliyejifunza kutokana na kushindwa kwake. Na mpinzani naye halali. Ukisimama mahali pale pale, yeye akiendelea mbele, umekwisha kurudi nyuma, ijapokuwa miguu yako haikusogea.

Ndivyo ilivyo safari ya Mkristo. Siku ya kipaimara ni siku ya kupanda: nguo nyeupe, nyimbo, wazazi wenye machozi ya furaha. Lakini ni wangapi tuliowaona siku ile, na baada ya misimu mitatu hawaonekani tena mezani pa Bwana? Hawakuanguka kwa dhambi moja kubwa. Waliacha kidogo kidogo: leo sala ya asubuhi, kesho kusoma Neno, keshokutwa kumsamehe jirani. Mtu hashuki katika mchezo wa mwisho. Hushuka katika ile michezo mingi ya nyuma ambayo hakuihesabu.

Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi, alikuwa kifungoni, naye alikwisha kuyapanda makanisa mengi. Walakini katika sura ya tatu akiri kwamba hajafika bado. Ayaacha ya nyuma na kuyanyosha macho mbele. Ikiwa mtu yule hakujihesabu kuwa amefika, nani kwetu atajihesabu?

4. Njia ya mkato

Hapa hatuna budi kusema neno gumu. Iko njia nyingine ambayo watu huitafuta ili washinde pasipo mazoezi. Tangu zamani katika mashindano ya ngoma dawa zilitumiwa ili kuwavuta watazamaji na kuudhoofisha upande wa pili. Nasi twajua kwamba desturi hiyo haikufa ngoma ilipowapisha mpira. Siku ya mashindano ikikaribia, kijana huambiwa na wenzake achange fedha za mganga. Naye huona haya kukataa, asije akaambiwa kwamba yeye ndiye aliyeleta nuksi.

Ndugu vijana, tafakarini pamoja nasi. Kwanza, dawa hiyo huua mazoezi. Aaminiye kwamba bao limo katika hirizi iliyofukiwa langoni, kwa nini aamke alfajiri kukimbia? Akishinda, humshukuru mganga. Akishindwa, humlaumu mchawi. Wala hajiulizi hata mara moja kama alijifunza kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Basi hawezi kuendelea, maana hana neno la kusahihisha.

Pili, dawa hiyo huvunja umoja. Timu iliyoshindwa huanza kutafuta ni nani aliyewauza, nayo macho humwangukia mnyonge. Na hapo, ndugu, tumekwisha kuingia katika njia ambayo nchi yetu yaijua kwa machozi. Tangu mwaka 2007, katika mikoa hii ya Ziwa, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, wakiwemo watoto wadogo, kwa sababu watu waliaminishwa kwamba viungo hivyo vitawapa bahati migodini na ziwani. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku kazi ya wapiga ramli wasio na kibali. Hatusemi kwamba kijana achangaye fedha kwa ajili ya hirizi ya mpira amemwua mtu. Hasha! Lakini twasema kwamba mti ule una mizizi mmoja: ni kutaka mavuno pasipo jembe, na kuyatafuta kwa mtu aahidiye bahati kwa siri. Aliyejizoeza kuamini hivyo katika jambo dogo la mchezo, atakuwa na ngao gani siku atakapojaribiwa katika jambo kubwa la mali?

Kwa hiyo timu ya vijana wa kanisa ikiombwa fedha za mganga, na ijibu bila hofu kwamba haitatoa. Afadhali kushindwa mabao matatu mchana kweupe kuliko kushinda bao moja kwa jambo lisilosemeka mbele ya madhabahu. Naye Mtume, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo, sura ya 2, afundisha kwamba mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali.

5. Marudio

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wana neno ambalo lingetufaa sote. Mtu hushuka katika duara, hupasua mwamba, huutoa juu kwa kamba, huusaga katika karasha, huuosha mwaloni. Tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu za dhahabu. Tena ule mchanga uliokwisha kuoshwa hautupwi. Huitwa marudio. Hukusanywa, huuzwa, hulowekwa kwa sianidi katika matangi, nao hutoa dhahabu iliyokuwa imebaki. Mtu asiyejua huona lundo la takataka. Ajuaye huona kwamba kazi haijakwisha.

Mchezo ulioshindwa ni marudio. Timu yenye akili hairudi nyumbani ikitukana waamuzi tu. Hukaa chini siku ya pili, ikauliza: bao lile liliingia kwa nani? Nani alichoka dakika ya 70, na kwa nini? Nani hakumpa mwenzake mpira kwa ajili ya kutaka sifa? Humo mna dhahabu nyingi kuliko katika ushindi, maana mshindi mara nyingi haulizi neno. Na mazoezi yenyewe ni marudio: mpira ule ule, hatua ile ile, mara mia, hata mguu ujue wenyewe.

Kanisa nalo lina marudio yake, nayo huitwa toba. Dkt. Martin Luther, alipoziandika zile hoja 95 mwaka 1517, alianza kwa kufundisha kwamba maisha yote ya mwamini ni ya toba, wala si siku moja tu. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 afundisha mintarafu ya ubatizo kwamba mtu wa kale ndani yetu hana budi kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya kuinuka kila siku mbele za Mungu. Kila siku, ndugu! Tulibatizwa mara moja, lakini ubatizo wetu twauzoea kila asubuhi. Jioni twaiangalia siku iliyopita kama timu iangaliavyo mchezo wake: hapa nilikasirika, hapa nilisema uongo wa biashara, hapa nilimpita mhitaji. Twayaleta hayo kwa Bwana, wala hayatupi nje kama takataka. Husamehe, na katika mchanga ule ule hutoa dhahabu.

6. Neema yatangulia

Lakini huenda mwalimu mmoja mwangalifu auliza: Je, hamlirudishi kanisa katika kutegemea matendo? Swali hilo ni jema, na jibu lake ni kiini cha imani yetu.

Mchezaji wa mpira hufanya mazoezi ili achaguliwe. Kila juma aogopa kwamba jina lake halitasomwa. Mkristo hafanyi mazoezi ili achaguliwe. Jina lake lilikwisha kusomwa penye maji ya ubatizo, wakati hakuwa amefunga bao hata moja. Kristo alishindana peke yake msalabani, akashinda, naye ametuhesabia ushindi ule kama kwamba tuliupata sisi. Huo ndio msingi, nao hauongezwi kwa jasho letu.

Basi kwa nini tujitaabishe? Kwa sababu mti uliopandwa penye maji hauwezi kukosa kuzaa. Aliyevikwa sare ya mfalme huona haya kulala kando ya uwanja. Tena mtumwa wa hofu hafanyi mazoezi mazuri. Hukakamaa, hupiga mpira mbali ili asilaumiwe. Mtoto wa nyumbani, ajuaye kwamba baba yake hatamfukuza kwa kukosea, hujaribu, huanguka, huinuka, hujaribu tena. Neema haiyafuti mazoezi, huyaondolea woga.

Na tofauti nyingine ni hii. Katika ligi, timu moja ikipanda nyingine hushuka, wala kombe haliwatoshi wawili. Katika ufalme wa Mungu taji la ndugu yangu halipunguzi langu. Kwa hiyo ajuaye kusoma na amfundishe asiyejua. Aliye na nguvu na amngoje aliye dhaifu, kama walimaji wa bugobogobo walivyongojana.

7. Neno kwa waalimu na viongozi wa vijana

Mwisho twataka kusema nanyi, waalimu wa dini, maana mstari wa mwisho wa somo letu wawahusu hasa. Mtume aogopa kwamba yeye aliyewahubiri wengine asije akakataliwa mwenyewe. Ni neno la kutetemesha. Kocha mwenye kuwakimbiza vijana huku yeye ameketi kivulini, watamsikiliza muda gani? Na mwalimu afundishaye kipaimara kwa daftari aliloliandika miaka kumi iliyopita, pasipo kuongeza ukurasa, vijana wake hujua kwamba chakula hiki ni kiporo.

Basi twawashauri mambo machache. Someni kila siku sehemu ya Neno ambayo hamtaihubiri juma hilo, ili moyo wenu nao ulishwe. Kutaneni na mwalimu wa mtaa wa jirani, mkasikilizane mahubiri na kusahihishana kwa upole. Wasaidieni vijana kuwa na timu zao, na mazoezi yao yapangwe yasigongane na ibada ya Jumapili. Tena wazee waende kuwatazama, wasiwaachie wapiga ramli na wacheza kamari nafasi ya kuwa baba zao. Wafundisheni kumpa mkono aliyewashinda. Na kijana akikosa penalti, mwacheni alie, kisha mwambieni kwamba kesho jioni kuna mazoezi.

Bwana wetu Yesu Kristo, aliyeianza kazi njema ndani yenu, na aitimize hata siku ya kuja kwake. Na awape miguu isiyochoka na mioyo isiyojivuna, mpaka atakapowavika kwa mkono wake taji lisilonyauka. Amina.